Mapenzi Yangu au Upendo kwa Jirani? Uhakiki wa Mwongozo wa Makanisa ya Ujerumani kuhusu Maandalizi ya Mgonjwa

Utangulizi

Wosia ni neno linalofahamika katika sharika zetu. Mkristo mwenye shamba, nyumba au ng'ombe huhimizwa aandike jinsi mali yake itakavyogawanywa, na wachungaji wengi wamewahi kuitwa ili wawe mashahidi. Lakini wosia huanza kusema mwenyewe akiisha kufa. Upo wakati mwingine ambao wosia haugusi kabisa, nao ni ule ambapo mtu yu hai bado lakini hawezi tena kujisemea. Amelala hospitalini bila fahamu, au akili imemtoka kwa sababu ya uzee, na daktari anawauliza walio karibu: Apasuliwe au asipasuliwe? Apelekwe hospitali ya rufaa au arudishwe nyumbani? Aendelee kulishwa kwa mpira au tuache? Ni nani atakayejibu, na atajibu kwa neno la nani?

Makanisa ya Ujerumani yamejaribu kulijibu swali hili kwa kijitabu ambacho wanatheolojia wa Kilutheri wa Afrika Mashariki wangefaa wakisome na kukipima. Jina lake ni Christliche Patientenvorsorge, yaani Maandalizi ya Kikristo ya Mgonjwa. Kilitolewa mwaka 2011 na Kanisa la Kiinjili la Ujerumani pamoja na Baraza la Maaskofu Katoliki wa nchi hiyo, kwa kushirikiana na makanisa mengine, na kikarekebishwa mwaka 2018. Ndani yake mna maelezo ya kitheolojia, maelezo ya kisheria, na fomu ambayo Mkristo huijaza na kuitia saini.

Makala haya yanakusudia kukipima kijitabu hicho kwa kipimo cha Maandiko na cha mafundisho ya Luther, na kuuliza kinatufaa kwa kiasi gani. Hoja yetu kwa ufupi ni hii: kijitabu kina nguvu pale kinapomfundisha Mkristo kumteua mtu wa kumsemea, na kina udhaifu pale kinapoitegemea karatasi. Iwapo Kanisa letu litajifunza kutoka kwa ndugu zetu wa Ujerumani, na lianze na mtu, kisha liende kwenye karatasi.

Historia ya kijitabu

Kijitabu hiki kilitanguliwa na kingine. Mwaka 1999 makanisa hayo yalitoa fomu iliyoitwa Christliche Patientenverfügung, yaani Tamko la Kikristo la Mgonjwa, na toleo la pili likafuata mwaka 2003. Wakati huo Ujerumani haikuwa na sheria mahususi juu ya jambo hili, na mahakama ziliamua kesi moja moja. Bunge likatunga sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2009. Sheria hiyo ilisema kwamba tamko la mtu mzima, likiandikwa na kutiwa saini, na likiwa linahusu hali aliyomo mgonjwa, ni lazima lifuatwe, wala si kwa mgonjwa aliye karibu kufa peke yake, bali katika hatua yoyote ya ugonjwa. Ilisema pia kwamba mtu aweza kulifuta tamko lake wakati wowote, na kwamba mtu yeyote asilazimishwe kuliandika. Kwa mfano, nyumba ya wazee haina ruhusa ya kulidai kabla ya kumpokea mzee.

Baada ya sheria hiyo makanisa yaliandika upya mwongozo wao, na hata jina likabadilika. Jina kamili la toleo la 2011 linataja mambo manne kwa utaratibu. La kwanza ni hati ya kumpa mtu mamlaka ya kuamua kwa niaba ya mgonjwa. La pili ni ombi kwa mahakama, likieleza ni nani angefaa kuwekwa kuwa msimamizi ikiwa msimamizi atahitajika. La tatu ni matakwa ya mgonjwa kuhusu matibabu. La nne ndilo tamko la mgonjwa lenye nguvu ya kumfunga daktari. Msomaji na aone kwamba jambo lililokuwa jina la kijitabu mwaka 1999 limesogezwa hadi mwisho mwaka 2011, na mahali pake pa kwanza amewekwa mtu anayeaminiwa. Kwa maoni yetu mabadiliko haya yana uzito kuliko hoja nyingi zilizoandikwa ndani ya kurasa. Yanaonyesha kwamba watungaji wenyewe walijifunza jambo katika miaka ile 12.

Mema yaliyomo

Kabla ya kukosoa, hatuna budi kutaja mema. Kwanza, kijitabu kinavunja ukimya. Katika jamii zetu, anayezungumzia ugonjwa wake wa mwisho angali mzima huambiwa anajichulia. Watoto humnyamazisha baba yao kwa heshima, na baba hunyamaza ili asiwatishe watoto. Hivyo siku ya uamuzi huwakuta wote wakiwa hawajui lolote. Kijitabu kinasema wazi kwamba Mkristo aweza kulitazama jambo hili bila woga, kwa sababu tumaini lake halimo katika kurefusha siku zake bali katika Kristo aliyefufuka.

Pili, kijitabu kinatofautisha vizuri kati ya kuua na kuacha mtu afe. Kumwua mgonjwa, hata akiomba mwenyewe, kinakukataa. Lakini kinakubali kwamba matibabu yasiyomsaidia tena mgonjwa yaweza kuachwa, na kwamba dawa za kutuliza maumivu zitolewe ipasavyo. Tofauti hii inahitajika sana kwetu. Wapo waumini wanaodhani kwamba kumrudisha mgonjwa nyumbani akafie miongoni mwa watu wake ni kukosa imani, na wapo wanaoogopa mofini kana kwamba ni sumu. Kazi ya tiba shufaa iliyoanzishwa katika hospitali ya Kilutheri ya Selian huko Arusha, na kuenea katika hospitali nyingine za KKKT, imeonyesha kwa matendo kwamba kuacha kutafuta kuponya si kuacha kuhudumia.

Tatu, kijitabu kinakaa katika njia ya Luther, ingawa hakimtegemei yeye peke yake. Katika hotuba yake ya mwaka 1519 juu ya kujitayarisha kufa, Luther haanzi na sala wala sakramenti. Anaanza na mambo ya dunia: mtu na apange mali yake vema, ili kifo chake kisiwe chanzo cha ugomvi kati ya ndugu wanaobaki. Jambo la pili ni kusamehe na kuomba msamaha. Ndipo anapomwelekeza mgonjwa amtazame Kristo. Kwa Luther, kupanga mambo kabla ya kufa ni tendo la upendo kwa wale watakaobaki. Hapa ndipo tunapopata kipimo cha kukipima kijitabu chenyewe.

Mabinti watatu na karatasi moja

Udhaifu wa karatasi ulionekana katika kesi iliyoamuliwa na mahakama kuu ya Ujerumani ya mambo ya madai tarehe 6 Julai 2016. Mama mmoja aliyezaliwa mwaka 1941 alipatwa na kiharusi mwishoni mwa 2011, akawa analishwa kwa mpira uliopitishwa tumboni, na baadaye akapoteza uwezo wa kusema. Mama huyu hakuwa mzembe. Alikuwa ameandika tamko mara mbili, mwaka 2003 na mwaka 2011, kwa maneno yale yale, akisema hataki matibabu ya kurefusha maisha ikiwa, pamoja na hali nyingine, ubongo wake utapata madhara ya kudumu. Alikuwa pia amempa mamlaka mmoja wa mabinti zake watatu.

Binti mwenye mamlaka, pamoja na daktari, aliona kwamba kuacha kumlisha hakukuwa mapenzi ya mama. Wadogo au wakubwa wake wawili waliona kinyume, wakaenda mahakamani. Wote watatu walikuwa wanaisoma karatasi ile ile. Mahakama ilisema kwamba maneno ya jumla ya kukataa matibabu ya kurefusha maisha hayatoshi peke yake. Ni lazima mtu ataje matibabu fulani, au aeleze ugonjwa na hali fulani kwa uwazi wa kutosha. Ilisema pia kwamba hati ya mamlaka ionyeshe waziwazi kuwa mwakilishi aweza kukataa matibabu hata kama mgonjwa atakufa kwa ajili hiyo. Shauri likarudishwa chini ili mapenzi ya mama yachunguzwe. Hukumu hiyo ilifanya watu wengi wazitazame upya hati zao, na ndiyo iliyotangulia marekebisho ya kijitabu ya 2018.

Kesi nyingine ilikuwa ndefu zaidi. Mwanamke mmoja alikuwa ameandika tamko lake mwaka 1998. Mwaka 2008 alipatwa na kiharusi, akaingia katika hali ya kutokuwa na fahamu. Mahakama ilimweka mumewe na mwanawe wa kiume kuwa wasimamizi, kila mmoja akiwa na uwezo wa kuamua peke yake. Mwana alitaka mama aachwe afe kama alivyoandika, mume alikataa. Ni Novemba 2018, miaka 10 tangu kiharusi, mahakama kuu ilipomaliza shauri kwa kusema kwamba karatasi yake ilitosha.

Mtu aweza kusema kwamba dawa ya matatizo haya ni kuandika kwa uangalifu zaidi. Ndivyo wanasheria walivyoshauri, na fomu nyingi zikawa ndefu. Sisi tunaona jambo jingine. Katika kesi ya kwanza mwenye mamlaka alikuwapo, lakini ndugu zake hawakuwa na uelewano naye juu ya maana ya maneno ya mama. Katika kesi ya pili wasemaji walikuwa wawili wenye uwezo sawa, na hakukuwa na wa kukata shauri. Karatasi haikupungukiwa na maneno tu. Ilipungukiwa na jamaa waliokwisha kusikia pamoja neno moja kutoka kinywani mwa mama mwenyewe. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ni kweli; lakini daftari nalo huhitaji msomaji anayekubaliwa na wote.

Yakobo na Yusufu

Maandiko yana mfano unaofanana na jambo hili, ijapokuwa hauhusu matibabu. Katika Mwanzo 47:29-31 Yakobo, alipoona siku zake za kufa zinakaribia, alimwita Yusufu na kumwapisha kwamba asimzike Misri bali ampeleke akazikwe pamoja na baba zake. Mambo manne yanastahili kuangaliwa.

Kwanza, Yakobo alimteua mmoja. Alikuwa na wana 12, lakini kiapo alimpa mmoja.

Pili, huyo mmoja hakuwa mzaliwa wa kwanza. Reubeni alikuwapo. Yakobo alimchagua Yusufu kwa sababu Yusufu ndiye aliyekuwa na uwezo wa kulitimiza neno lile katika nchi ya ugeni. Ndiye aliyeweza kusema na nyumba ya Farao, na ndiye ambaye waganga wa Misri walikuwa chini ya amri yake, kama tunavyosoma katika Mwanzo 50:2.

Tatu, Yakobo hakuliacha jambo kuwa siri ya watu wawili. Katika sura ya 49 aliwakusanya wana wote na kurudia agizo lile lile mbele yao, akitaja pango, shamba na majina ya waliokwisha kuzikwa humo. Hivyo hakuna ndugu aliyeweza kusema baadaye kwamba Yusufu alijitungia.

Nne, wakati ulipofika Yusufu hakusema kwa mamlaka yake mwenyewe. Alipomwomba Farao ruhusa alisema kwamba baba yake alimwapisha. Mwakilishi mwema hasemi jinsi anavyoona yeye, bali husema neno alilopewa.

Tukiziweka zile kesi za Ujerumani kando ya mfano huu, tunaona kilichopungua. Kijitabu cha makanisa kinashauri kwamba mtu azungumze na jamaa, daktari na mchungaji wake kabla ya kuandika, na tunakipongeza kwa hilo. Lakini ushauri huo si sharti. Kinachoipa hati nguvu ni saini ya mtu mmoja, ambaye aweza kuiandika usiku peke yake na kuifungia kabatini. Hati ya namna hiyo ni halali mbele ya sheria, lakini si lile alilofanya Yakobo.

Neno mapenzi yangu

Hapa tunafika kwenye ukosoaji wetu mzito zaidi. Sheria ya Ujerumani imejengwa juu ya haki ya mtu kujiamulia. Makanisa yamejitahidi kuieleza haki hiyo kwa lugha ya imani, yakisema kwamba uhuru wa mwanadamu ni zawadi ya Mungu na kwamba mwanadamu huishi katika mahusiano. Hata hivyo fomu yenyewe inasema kwa sauti ya mimi: mimi nataka, mimi sitaki. Anayeijaza aweza kufikiri kwamba anakitawala kifo chake.

Teolojia ya Kilutheri haiwezi kukubali jambo hilo bila kusema neno. Katika Yohana 21:18 Petro aliambiwa kwamba akizeeka mwingine atamfunga na kumpeleka asikotaka. Mwisho wa mwanadamu ni wakati wa kupokea, si wa kutawala. Luther naye, katika hotuba ya kwanza aliyoitoa Wittenberg mwezi Machi 1522 baada ya kurudi kutoka Wartburg, alikumbusha kwamba hakuna awezaye kufa kwa ajili ya mwenzake. Kila mmoja hukabiliana na kifo kwa nafsi yake. Lakini Luther huyo huyo, katika ile hotuba ya 1519, alifundisha kwamba Mkristo anayekufa hayuko peke yake, kwa maana Kristo, malaika na ushirika wote wa watakatifu wako pamoja naye. Mafundisho haya mawili hayapingani. Yanamwekea mwakilishi mpaka, na yanampa heshima. Mwakilishi hawezi kufa kwa niaba yetu, wala haibebi dhamiri yetu mbele za Mungu. Aweza kusema kwa niaba yetu mbele ya daktari, na kwa kufanya hivyo anakuwa alama ya ushirika ambao hauvunjiki mtu anaponyamaza.

Ikiwa ni hivyo, swali la kwanza analopaswa kujiuliza Mkristo anayeandika si kwamba anataka afe namna gani. Ajiulize: Ni mzigo gani nitawaachia wanaonipenda ikiwa sitasema neno? Mtoto anayelazimika kuamua bila kujua neno la mzazi wake aweza kuishi miaka mingi akijilaumu. Mzazi aliyesema mapema amemwondolea mtoto wake lawama hiyo.

Lakini hapa ipo hatari ambayo mchungaji ni lazima aijue. Neno la upendo, kwamba sitaki kuwaachia mzigo, hufanana sana na neno la kukata tamaa, kwamba mimi ni mzigo. Bibi anayesema asipelekwe hospitali, shamba lisiuzwe, ada ya wajukuu isiguswe, huenda anatoa sadaka kwa hiari kamili, na Kanisa halina ruhusa ya kumdharau. Huenda pia amesikia wakwe wakinung'unika jikoni. Maneno ni yale yale, na karatasi haiwezi kuonyesha tofauti. Mtume Paulo katika Wagalatia 6 anataka tubebeane mizigo, kwa kuwa ndivyo sheria ya Kristo inavyotimizwa. Kwa hiyo katika Kanisa hakuna aibu ya kubebwa. Mchungaji anayesikia neno mzigo asikimbilie kalamu. Aulize kwanza ni nani aliyemwambia bibi kwamba ni mzigo. Katika nchi yenye bima na hospitali kila wilaya, fomu inaweza kudhani kwamba anayekataa matibabu anakataa kwa hiari. Kwetu sisi, ambako mara nyingi umaskini hushika kalamu pamoja na mgonjwa, dhana hiyo ni ya hatari.

Mashine, ng'ombe na neno la mdomo

Jambo jingine linalotenganisha fomu na mazingira yetu ni aina ya maswali yake. Fomu inauliza juu ya mashine ya kupumulia, kulishwa kwa mpira, na kuushtua moyo uliosimama. Maswali hayo yanatuhusu pia, kwa kuwa vyumba vya wagonjwa mahututi vipo katika hospitali zetu kubwa. Hata hivyo wagonjwa wetu wengi hufa bila kuiona mashine. Maswali yao ni mengine: Nikiwa siponi, niambiwe ukweli au waambiwe ndugu zangu tu? Tuuze ng'ombe wangapi kabla ya kusema basi? Nisafirishwe hadi wapi? Nifie nyumbani au hospitalini? Nipewe dawa ya maumivu hata ikinifanya nisinzie? Ni nani aniletee Chakula cha Bwana, na nizikwe wapi? Fomu inayofaa kwetu haina budi kuanza na maswali haya. Kuitafsiri fomu ya Kijerumani neno kwa neno hakutasaidia.

Wala tusidhani kwamba kuandika kabla ya kufa ni desturi ya kigeni. Katika miaka ya 1990 akina mama wa Uganda waliokuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI, kupitia chama chao cha NACWOLA, walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu, wakieleza habari za ukoo na kupanga ni nani atakayewalea. Walivunja ukimya mzito kuliko wa kwetu leo, na waliuvunja kwa ajili ya watoto.

Vipi wale wasiojua kusoma na kuandika? Hapa sheria ya Ujerumani yenyewe inatufundisha jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Lile jambo la tatu katika jina la kijitabu, yaani matakwa ya matibabu, halihitaji maandishi. Ikiwa hakuna tamko lililoandikwa, au lililopo halihusu hali iliyopo, mwakilishi anapaswa kuyatafuta matakwa ambayo mgonjwa aliyasema, hata kama ni kwa mdomo, na kuyafuata. Hivyo hata katika nchi ya karatasi nyingi neno la mdomo halikufutwa. Linahitaji tu mtu aliyelisikia, na anayeaminiwa anapolirudia. Katika usharika wetu watu hao wapo.

Mjane na ukoo

Je, ni nani anayefaa kuteuliwa? Wajerumani wengi walidhani kwamba mume au mke ana haki hiyo kwa ndoa yake. Kisheria haikuwa hivyo. Ni tangu tarehe 1 Januari 2023 ambapo mwenzi wa ndoa anaweza kumwamulia mwenzake mambo ya tiba bila hati, na haki hiyo hudumu kwa miezi 6 tu. Kwetu, kinyume chake, mke mara nyingi husukumwa pembeni. Wakubwa wa ukoo wa mume hufika hospitalini, na daktari husikiliza yule anayelipa au yule mwenye sauti kubwa. Mke aliyemwuguza mumewe miaka mingi, na anayejua alichokuwa akikisema usiku, haulizwi.

Luther aliliona jambo hili nyumbani mwake. Mwezi Januari 1542 aliandika wosia kwa mkono wake, bila kufuata taratibu za wanasheria, akimwachia mkewe Katharina mali aliyomwekea na kuonyesha kwamba anamwamini yeye kuwatunza watoto, badala ya kuwekewa wasimamizi kama ilivyokuwa desturi ya Saxony. Melanchthon, Cruciger na Bugenhagen walitia sahihi zao kuwa mashahidi. Luther alipofariki tarehe 18 Februari 1546, mtawala aliuthibitisha wosia huo, lakini wasimamizi wakawekwa hata hivyo. Hata neno la Luther lililoshuhudiwa na wanatheolojia watatu halikutosha kumlinda mjane kikamilifu dhidi ya desturi. Anayedhani kwamba saini pekee itamlinda mama mjane wa kijijini na alikumbuke hilo.

Hii haina maana kwamba hati haifai. Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtambua mtu ambaye mgonjwa amempa idhini kwa maandishi ya kukubali matibabu kwa niaba yake, na inamtaja kabla ya jamaa wa karibu. Mlutheri wa Kenya anayemwandika mkewe amempa nafasi ambayo ukoo hauwezi kuipuuza kirahisi. Lakini hati itakuwa na nguvu zaidi ikiwa wakubwa wa ukoo walikuwapo iliposomwa, kama walivyokuwapo wana wa Yakobo.

Hitimisho

Tumeona kwamba mwongozo wa makanisa ya Ujerumani ni kazi ya dhati, na kwamba historia yake yenyewe inaelekeza kutoka kwenye karatasi kwenda kwa mtu. Tunapendekeza mambo machache kwa sharika na vyuo vyetu.

Mafundisho juu ya wosia yaongezewe mafundisho juu ya uwakilishi katika ugonjwa, na tofauti ya mambo hayo mawili ielezwe wazi. Mkristo amteue mtu mmoja, na wa pili atakayeshika nafasi yake asipopatikana, wala asiwape wawili uwezo sawa kwa wakati mmoja. Amchague kwa uwezo wake wa kusema mbele ya daktari na mbele ya ukoo, si kwa cheo cha kuzaliwa. Amwulize kama anakubali. Kisha awaite wengine wanaohusika, aseme mbele yao, na mchungaji au mzee wa kanisa awepo kusikia. Mchungaji asikubali kuwa mwakilishi wa washarika wake, wala asishuhudie hati inayompa yeye au usharika faida. Yaliyosemwa yaandikwe kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe, yatajwe mambo halisi, na nakala ikae kwa mwakilishi badala ya kufungiwa. Hali ikibadilika, watu waitwe tena.

Vyuo vyetu navyo vina wajibu. Mwanafunzi wa theolojia hufundishwa kuongoza ibada ya maziko kabla hajafundishwa kukaa na jamaa wanaosubiri jibu nje ya wodi. Utaratibu huo wafaa ugeuzwe. Katika saa ile jamaa hawatamwuliza mchungaji maana ya haki ya kujiamulia. Watamwuliza kama mzee aliwahi kusema neno, na ni nani aliyelisikia.